Stesheni ya VT, Mumbai: nendeni, ila msikubali kupelekwa

Natoa nyota mbili, na zote mbili ni za mawe. Yule mwongoza watalii tuliyetafutiwa na watu wa mapokezi pale tulipofikia hastahili hata nusu.

Mzee wangu ni fundi mwashi, nyumba za watu Tanga kajenga mpaka magoti yakagoma. Nilimpeleka India kwa matibabu, na wanaokwenda huko wanazijua zile siku za kusubiri majibu ya vipimo, mmekaa chumbani mnatazamana. Nikasema twende tukaone stesheni. Jina rasmi sasa ni Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, lakini mwambie dereva teksi VT tu, kifupi cha jina la zamani, Victoria Terminus, anakufikisha.

Jamani, lile si jengo la kupita. Lilisanifiwa na Frederick William Stevens, ujenzi ukaanza 1878 na kuchukua miaka kumi, na hata getini unaona ilikwenda wapi. Juu ya nguzo moja kajilaza simba, ndiye Uingereza. Nguzo ya pili chui milia, ndiye India. Inua shingo uone kuba, na juu ya kuba mwanamke kashika mwenge mkono wa kulia na gurudumu mkono wa kushoto. Maendeleo hayo, kwa walivyoyaona wao.

Mzee hakuangalia juu. Alikwenda moja kwa moja ukutani kwenye nakshi za tausi, kima na majani, kazi ya wanafunzi wa chuo cha sanaa cha hapohapo Bombei. Akavaa miwani, akasogeza uso karibu kabisa, akanionyesha unyoya mmoja wa tausi: patasi imepita mpaka chini yake, kivuli kinaingia nyuma ya jiwe.

"Huyu hakuwa na haraka," akaniambia.

Hapohapo yule kijana, ambaye tangu tushuke kwenye teksi simu haikumtoka sikioni, akapiga makofi mawili kama anafukuza kuku. Haya mzee twende, hayo ni mapambo tu.

Mapambo tu! Mtu kalipwa kuonyesha jengo! Alichotaka yeye ni tuvuke barabara tupige picha kwa mbali, kisha atupeleke duka la shali la rafiki yake. Kuhusu stesheni alijua mwaka mmoja, 2004, ilipoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, na kila nilipouliza kitu alinijibu huo huo. Nikamuuliza ngazi kuu za chini ya kuba, akasema kumefungwa. Ndiyo, kumefungwa, maana ilikuwa wikendi, na upande ule ni ofisi za reli. Wageni huingizwa siku za kazi. Na siku alituchagulia nani? Yeye. Hela yetu ilishaingia mfukoni.

Tukamwacha na simu yake. Tukaingia wenyewe ukumbi wa tiketi za treni za mjini, ambao hauna kiingilio wala mwongozaji. Dari ni ya buluu yenye nyota za dhahabu, chini yake foleni ya watu wanaokata tiketi za rupia 5, hakuna anayeangalia juu. Mzee kaegemea nguzo, anapigwa vikumbo na wenye mabegi, wala hana habari. Anahesabu matao. Sijamwona hivyo tangu aanze kuumwa.

Basi mbili ni uchoyo, wekeni nne. Hata tano. Lakini nikikumbuka yale makofi, kumpigia mtu mwenye wajukuu, narudi kwenye mbili, na mapokezi nao wajue nimewasema.

Mkiwa na mgonjwa huko, nendeni katikati ya wiki, asubuhi joto halijapanda, peke yenu. Sisi tuna kliniki nyingine, na mzee ameshaagiza nitafute darubini: anataka vile vichwa vya wanyama vya kutemea maji ya mvua kule juu, aone vimeshikizwa na nini.