LinkedIn kwa aliyepoteza kazi ghafla: daftari zuri la majina, sanduku bovu la barua

Mtu akikabidhiwa barua ya kuachishwa kazi asubuhi, kufikia jioni keshafungua LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, na anabofya kila tangazo linalofanana na kazi iliyomponyoka. Hayo ndiyo matumizi mabaya kuliko yote ya mtandao huu. Kama mahali pa kupelekea maombi, una kasoro tele. Kama daftari la watu unaofahamiana nao na mahali wanapofanya kazi leo, hauna mshindani. Tathmini hii ni ya akaunti ya bure. Ya kulipia tutaigusa mwishoni.

Kwanza kabisa, angalia akaunti yako ilifunguliwa kwa baruapepe gani. Waliojisajili kwa anwani ya kazini hujikuta wamefungiwa nje mara kampuni inapoizima, maana kiungo cha kubadilisha nenosiri hutumwa huko huko. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama wa akaunti, ongeza anwani yako binafsi, ithibitishe, ifanye ya msingi, ndipo uondoe ya kazini. Ni shughuli ya dakika tano. Ukichelewa, huenda ikabidi utume picha ya kitambulisho na kusubiri.

Sehemu inayostahili nyota zote tano imejificha kwenye mipangilio ya faragha: kuomba nakala ya data zako. Tumia kompyuta, na uchague orodha ya watu uliounganishwa nao peke yake. Hiyo huwa tayari kwa takriban dakika 10, wakati nakala kamili inaweza kuchukua hadi saa 24. Utapata faili liitwalo Connections.csv lenye majina, kampuni, vyeo na tarehe mlizounganishwa. Baruapepe zitakuwa chache mno, kwa kuwa huonyeshwa za wale tu walioruhusu.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanalifungua kwenye Excel, wanaamuru lipangwe kwa kampuni, jedwali linavurugika, wanadhani faili limeharibika. Faili ni zima. Tatizo ni mistari michache ya maelezo iliyowekwa juu ya vichwa vya safu. Ifute hadi mstari wa kwanza uwe ule wenye majina ya safu, kisha panga upya. Sasa utaona kampuni hii ina watu wanne unaowajua, ile ina wawili, na yule mliyeachana naye miaka sita iliyopita kumbe ni meneja mahali ambapo hukuwahi kupafikiria. Ongeza safu mbili zako mwenyewe, siku uliyomwandikia na alichojibu. Waandikie watu watano kwa siku, kila mmoja kivyake, ukiuliza jambo moja linalojibika kwa dakika mbili: je, idara yenu inaajiri, na nani anayesimamia? Ujumbe wa "ukisikia chochote unikumbuke" unapendeza kuandika, lakini anayeupokea hajui aanzie wapi.

Wasifu wako wa LinkedIn usikulie wiki nzima. Mstari ulio chini ya jina unabeba herufi 220, lakini kwenye matokeo ya utafutaji hukatwa mapema, hivyo cheo unachokitafuta kitangulie. "Natafuta fursa mpya" ni upotevu wa nafasi: hakuna mwajiri anayetafuta maneno hayo, anatafuta "mhasibu" au "fundi umeme". Sehemu ya kujieleza inachukua herufi 2,600, ila msomaji huona mistari michache tu kabla ya kubofya aendelee. Kabla ya kuhariri, zima ile swichi ya kuwaarifu watu mabadiliko.

Open to Work, sehemu ya kuonyesha kwamba unatafuta kazi, inakuruhusu kuchagua hadi vyeo vitano, na vionekane kwa nani: waajiri wanaotumia huduma ya LinkedIn ya kuajiri, au kila mtu, pamoja na duara la kijani kwenye picha. Ubishi juu ya duara hilo umekuzwa kuliko uzito wake. Aliyekwisha kuachishwa hana cha kumficha bosi. Ambaye bado yuko kazini na ananusa mabaya achague waajiri pekee, akijua kwamba LinkedIn hujitahidi kuwazuia waajiri wa kampuni yake wasione, ila haitoi hakikisho.

Ukitafuta matangazo ya kazi, andika cheo ndani ya alama za kunukuu na chuja yaliyotoka ndani ya saa 24. Ukitumia kivinjari, utaona kwenye anwani ya ukurasa f_TPR=r86400, yaani sekunde za siku nzima. Badilisha namba iwe 3600, upate ya saa moja iliyopita.

Kisha kuna Easy Apply, kitufe cha kutuma maombi kwa mibofyo michache, kinachokupa raha ya kuhisi umefanya kazi. Wepesi wake ni wa kila mtu, ndiyo maana maombi hurundikana. Kosa linalojirudia: mfumo huhifadhi CV ulizotumia karibuni na kukuwekea mojawapo, ukabofya haraka ukapeleka ya kazi nyingine. Zipe faili majina yanayotofautiana waziwazi. Na CV inayotolewa na LinkedIn yenyewe kutoka kwenye wasifu usiitume. Mpangilio wake wa safu mbili unaweza kuchanganya baadhi ya mifumo ya kompyuta ya kusoma maombi.

Matapeli wapo. Anayejiita mwajiri akikuandikia, fungua taarifa za wasifu wake uone alijiunga lini. Wa mwezi uliopita, anayekuharakisha mhamie WhatsApp na kutaja ada ya mafunzo au vifaa, mwache.

Nyota tunazopunguza ni za ukurasa wa mwanzo. Unafungua kutafuta kazi, unakutana na pongezi za kupandishwa vyeo, nusu saa imekwenda na moyo umezama. Hifadhi kiungo cha ukurasa wa kazi na uingie moja kwa moja. Chapisho la kutangaza kuwa umeachishwa nalo lisubiri hadi usome karatasi za kuachana na kampuni. Baadhi zina kipengele cha kutoisema vibaya, na mafao yako yanaweza kutegemea sahihi hiyo.

Premium, yaani akaunti ya kulipia, hutoa mwezi mmoja wa majaribio, kwa kutanguliza kadi ya benki. Usiuanze wiki ya kwanza. Ungoje orodha yako iive na usaili uanze kuja, kwa sababu Premium ya Career, ile ya wanaotafuta kazi, ina nafasi za ujumbe tano tu kwa mwezi za kuwaandikia usiounganishwa nao, na moja hurudishwa mhusika akijibu ndani ya siku 90. Sitisha angalau siku moja kabla ya mwezi kwisha. Ukisubiri siku yenyewe, kadi inakatwa.