Chakula cha sato: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Muuzaji atakutajia bei ya mfuko. Wewe muulize kwanza kimetengenezwa lini. Vitamini C huharibika kwa joto na kwa kukaa stoo, na sato akiikosa kwa muda mrefu uti wa mgongo hupinda, vidonda navyo havifungi upesi. Mimi nitachukua chakula cha wastani kilichotoka kiwandani mwezi uliopita, nikiache cha bei kali kilicholala stoo mwaka mzima.

Nafasi ya kwanza: vidonge vinavyoelea. Wanga wake umeshaiva kwa joto na mgandamizo, hivyo samaki humeng'enya kwa urahisi. Kubwa zaidi, unaona wanavyokula, na wakipunguza kasi unaacha kurusha. Chakula kinachobaki huoza chini ya bwawa, hula oksijeni na kutoa amonia inayounguza matamvua, na hapo ndipo magonjwa hupata mlango.

Soma protini kwenye lebo. Vifaranga wanataka asilimia 40 na zaidi, wanaokua 30 hadi 35, na wakubwa wanatosheka na 28 hadi 30. Usiwape wakubwa chakula cha vifaranga ukidhani unawapendelea, maana protini ya ziada unailipia dukani kisha inarudi majini kama amonia. Kambale anahitaji protini nyingi kuliko sato, basi usiwalishe wote kwa mfuko mmoja.

Bei? Piga hesabu kwa kilo ya samaki. Tuseme kinachoelea ni shilingi 4,000 kwa kilo, na kilo 1.5 inakupa kilo moja ya sato: umetumia 6,000. Chakula cha kuchanganya mwenyewe cha shilingi 2,200 kwa kilo, ukitumia kilo 3 kupata kilo ileile, umetumia 6,600, na maji umeyachafua juu yake.

Ya pili: vidonge vinavyozama vya viwanda vidogo. Kambale hana shida navyo, hula hata chini. Kabla ya kulipa, tia vichache kwenye glasi ya maji. Vikivunjika kuwa uji ndani ya dakika moja au mbili, rudisha.

Ya tatu: kuchanganya mwenyewe dagaa, soya, mashudu ya alizeti na pumba. Inawezekana kabisa, ila usinunue malighafi kwa macho tu. Mahindi au mashudu yenye ukungu yanaweza kubeba sumukuvu, ambayo huharibu ini la samaki taratibu. Utaona tu hawakui na wanakufa mmojammoja. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia protini isimeng'enywe, kwa hiyo ikaange au uichemshe kwanza. Dagaa wa unga watie kwenye maji uone mchanga unaotuama, na wakinuka mafuta yaliyochacha waache. Mashudu ya pamba yawe kidogo, kwa sababu yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba.

Halafu kuna virutubisho vya vitamini na madini. Wengi huchukua vya kuku kwa kuwa vipo kila duka. Kuku hujitengenezea vitamini C mwilini, sato hawezi, na virutubisho vya kuku mara nyingi havina kabisa vitamini hiyo. Nunua vya samaki.

Ya mwisho: pumba tupu. Kwenye bwawa lililorutubishwa kwa samadi, maji ya kijani na samaki wachache, zinasaidia, kwani sato hula pia vijimea vya majini. Kwenye vizimba vya ziwani, usijaribu.

Azola (mmea mdogo unaoelea majini) na funza wa nzi chuma sikuwapa nafasi. Ni nyongeza nzuri ya kupunguza gharama, lakini peke yao hawajengi samaki.

Nunua cha kutosha mwezi mmoja, upange mifuko juu ya chaga mbali na ukuta. Na mfuko ulioshonwa upya kwa uzi wa mkono uache hapohapo dukani.