TAHADHARI: Kuna jamaa anauza intakula za mtumba hapa Tanga, soma kwanza kabla hujatuma hela

Wadau wa Tanga mjini, Muheza, Korogwe mpaka huko juu Lushoto, hasa nyie wenye Surf, Prado na Pajero za zamani za dizeli, zile zenye tabo (kile kifaa kinachobana hewa na kuisukuma kwenye injini) lakini hazikuja na intakula (kipozeo cha hewa hiyo), naombeni mnisikilize. Juzi nimeona yule jamaa amerudi na tangazo jipya, picha zile zile maneno yale yale, "intakula orijino mtumba wa Japani, nguvu inaongezeka, gari halichemshi tena, kufunga bure", na mi gari langu mpaka leo liko Mombo limekalishwa juu ya mawe. Nimeona nikinyamaza mwingine ataumia.

Gari lenyewe ni Surf ya 1994, injini 1KZ-TE, manyuo. Kazi yake alfajiri napakia samaki pale Deep Sea napandisha Lushoto, jioni nashuka na karoti na kabichi. Mnaoijua barabara ya Mombo kwenda Soni hamhitaji kusimuliwa, gari limebeba, gia ya pili kona baada ya kona, moshi mweusi nyuma, na macho yako hayatoki kwenye geji ya joto. Hizi Surf za mwanzo za 1KZ tabo inasukuma hewa moja kwa moja kwenye injini. Sasa hewa ikibanwa inapata moto, hata kama nje ni nyuzi 30 ikitoka kwenye tabo wakati unapanda na mzigo inaweza kupita nyuzi 100, na hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni inayoingia inakuwa chache, dizeli haiungui vizuri, moshi unatoka na joto kali zaidi na pistoni na hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) ndo zinabeba hilo joto. Na hedi za 1KZ kila fundi anajua zinavyopasuka. Kwa hiyo wazo la kuweka intakula halikuwa baya, na mpaka leo wazo lenyewe silaumu, ikiwa nzima na imefungwa vizuri inasaidia kweli.

Tatizo ni nilikoinunua.

Jamaa alikuwa na fremu Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba. Anaongea vizuri sana, "bosi wangu" kila neno la pili. Bei 450,000 pamoja na paipu, hozi na kufunga. Akataka kwanza 200,000 kwa simu ili "mzigo utoke stoo", nikatuma, jina lililokuja ni la mwanamke, nikamuuliza akasema ni shemeji yake, laini yake mwenyewe ina shida. Hapo ndo nilipaswa kusimama. Risiti nilipoomba akasema atanipa siku ya kufunga, siku ya kufunga akasema mashine imekata mtandao. Sikuwahi kuiona.

Intakula yenyewe ilikuja inang'aa, silva tupu kama sufuria mpya. Nikafurahi. Sikujiuliza kitu cha mtumba kilichokaa mbele ya gari miaka yote hiyo kinang'aa vipi, intakula orijino ni aluminiamu kavu, haina rangi ya kung'aa namna hiyo, na ikikaa inakuwa na vumbi, vibati vyake vimelala hapa na pale, ina alama za vijiwe. Ile ilikuwa imepakwa rangi, na chini ya rangi kulikuwa na sababu.

Wakafunga siku moja, fundi wake mwenyewe, hozi walizotumia ni za rejeta. Kuna wengi bado wanafungiwa hivyo. Hozi ya rejeta imetengenezwa kwa maji, haikutengenezwa kwa oili, na hewa inayotoka kwenye tabo kila wakati inabeba ukungu kidogo wa oili, ni kawaida. Ile mpira wa ndani ukilowa oili unavimba unalainika, alafu presha ya tabo ikija inateleza inachomoka hata kama klipu imebanwa. Siku ya tatu tu tukiwa karibu na Hale nikasikia mlio kama tairi limepasuka, nguvu zikaisha pale pale, moshi mweusi. Hozi imechomoka. Nikarudisha nikabana nikaendelea. Nilipompigia anasema "kaka fundi wako hakubana vizuri", namkumbusha fundi ni wa kwake, anacheka anasema nipite nitapewa klipu nyingine.

Sikupata muda wa kupita. Wiki hiyo hiyo, Jumanne, tunapanda, bado Soni hatujafika, nimetoka kwenye kona nimekanyaga mafuta, naachia ili nibadili gia, injini haishuki. Inapanda yenyewe. Jamani ule mlio sitausahau, injini inalia kama inataka kutoka kwenye boneti, moshi mweupe wenye ubluu umefunika barabara yote, Noah iliyokuwa nyuma ikasimama. Nikazima swichi, haizimi. Nikachomoa ufunguo kabisa, bado inanguruma. Haikuwa inakula dizeli tena, ilikuwa inakula oili iliyolala ndani ya intakula, na injini ya dizeli haina plagi ya cheche, ikipata hewa na kitu cha kuungua inaenda tu mpaka kiishe au injini ijivunje. Nilishawahi kumsikia mzee mmoja fundi wa malori akielezea, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikatia gia ya tano nikaachia klachi kwa mpigo. Likaruka mbele kidogo, likatetemeka, likazima. Dogo ninayefanya naye kazi alikuwa ameshashuka na jiwe la tairi mkononi, anatetemeka. Upande wa pili wa ile barabara ni bonde. Nashukuru Mungu tulikuwa tumesimama vizuri.

(Mwenye otomatiki hiyo ya gia haipo kwake, kwake ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu kilicho bapa, usithubutu mkono wala kitambaa, kitambaa kinavutwa ndani. Na kama injini imeshapanda sana kaa nayo mbali, isije ikapasuka ukiwa umeiinamia.)

Tukavutwa mpaka Mombo. Fundi pale, mtu mzima, hakuwa na maneno mengi, akafungua intakula akaiinamisha kwenye beseni, ikatoka oili nyeusi inakaribia nusu lita, na ndani yake vipande vinavyong'aa, vingine kama punje ya mchele. Akaniambia "mwanangu, hii imetolewa kwenye gari lililoua tabo". Alichonieleza ni hivi, feni ya tabo upande wa hewa ni ya aluminiamu, siku inapovunjika vipande vinarushwa mbele, na mbele ndo kuna intakula. Oili ya tabo nayo inaingia humo humo. Ndo maana fundi anayejua kazi, tabo ikifa kwa kuvunjika, intakula anaitupa, manake vile vipande vinajibana kwenye vinjia vyembamba na hata uoshe namna gani huwezi kuwa na uhakika vimeisha. Sasa zile zinazotakiwa kutupwa huyu jamaa anazikusanya, anazipaka rangi, anatuuzia. Fundi akachukua bisibisi akakwangua pembeni, rangi ikatoka, chini puti, ile ya kunyooshea bodi. Ilikuwa imeshapasuka kwenye maungio.

Kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, imeshuka kwenye silinda mbili, ukuta una mikwaruzo. Hesabu ya kwanza niliyopewa imepita milioni mbili, na sijafanya biashara tangu siku hiyo, wenye samaki wao nimewaambia watafute gari lingine.

Jamaa nilipompigia alisema mtumba hauna garantii, alafu akaniblok. Nikatumia simu ya mke wangu, akapokea vizuri "karibu bosi", aliposikia sauti yangu akakata. Nikaenda Ngamiani, fremu sasa hivi kuna dada anauza mabegi, anasema yule alipanga kwa muda mfupi akaondoka. Tangu nianze kuulizia nimepata wengine wawili, mmoja wa Pongwe mwenye Prado intakula yake ilifunguka kwenye maungio mwezi wa kwanza tu, na mwingine wa Muheza alituma advansi hakuletewa chochote.

Kwa wanaotaka kununua, kwa huyu au kwa yeyote, msilipe kabla hamjaishika mkononi. Ingiza kidole kwenye mdomo wa paipu, oili ya kupaka kidole tu ni kawaida, oili ya kumwagika ukiinamisha ni hapana. Mimina dizeli kidogo ndani, tikisa sana, mwaga kupitia kitambaa cheupe, ukiona hata chembe moja inayong'aa acha. Kwangua kwenye maungio kwa ukucha au ufunguo. Alafu mwambie aipime kwa upepo mbele yako, wanaziba upande mmoja, upande wa pili wanaweka kizibo chenye valvu ya tairi, wanajaza psi 15 hivi na kuizamisha kwenye pipa la maji, mapovu yakitoka unaenda zako. Usikae mbele ya kizibo, kikichomoka kinaumiza. Muuzaji mkweli hawezi kukataa hayo, ni dakika kumi tu. Hozi ziwe za silikoni za tabo zenye nyuzi ndani, na klipu ziwe zile pana za kubana kwa boliti.

Na ile kauli ya "gari halichemshi tena" msiikubali kwa mtu yeyote. Intakula inapoza hewa inayoingia kwenye injini, haipozi maji. Kama gari lako linachemsha shida iko kwenye rejeta, feni, thermostati, pampu ya maji au hedi, na ukiweka intakula kubwa mbele ya rejeta iliyochoka unaweza hata kuizibia upepo ukazidisha tatizo. Nguvu nayo, kwa hizi 1KZ-TE ambazo pampu inaongozwa na kompyuta, ukifunga intakula peke yake utaona tofauti kidogo, moshi utapungua, ila anayekuahidi gari litaruka anakudanganya.

Sitaji jina lake hapa manake hata hilo jina alilonipa sidhani ni lake. Mtamjua kwa picha ya intakula ya silva juu ya zulia jekundu, kutaka advansi kwa simu, na jina la mtu mwingine likitokea unapotuma. Nimeshatoa taarifa polisi na namba yake nimeituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, wewe pia ukipata namba zake mpya zitume huko huko. Aliyeumizwa na huyu aniandikie inbox, kituoni wameniambia tukienda wengi wenye ujumbe wa malipo inakuwa rahisi, hata kama ni elfu hamsini ulituma usiidharau njoo nayo. Intakula yenyewe ninayo nyumbani Makorora kwenye kiroba, na ile oili na vipande nimeviweka kwenye chupa, anayetaka kuja kuviona kwa macho yake aje jioni yoyote.