Kutoka gatini hadi kwenye kompyuta: uzoefu wangu na Orgzly na Syncthing

Kazi yangu ni kusimamia ukarabati wa nyumba za kale za mawe katika mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, nyingi zikiwa za watu wanaoishi mbali na kuja mara moja au mbili kwa mwaka. Anayesikia hivyo hudhani nashinda na mafundi, lakini sehemu kubwa ya siku yangu hupita njiani: gatini nikingoja mashua, kwenye usita wa mui, yaani njia kuu ya mji, nikipishana na punda waliobebeshwa mchanga, au chini ya dari la chumba fulani nikihesabu boriti zilizoliwa na mchwa. Mambo ya kukumbuka hunijia huko huko, vidole vikiwa na vumbi la chokaa, ilhali mipango, mahesabu na barua kwa wenye nyumba viko kwenye kompyuta yangu nyumbani, Langoni. Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa nimekuwa nikitumia Orgzly, programu ya orodha za kazi, kwenye simu na Syncthing kama mchukuzi wa kati wa faili, ili ninachokinasa njiani kinikute mezani jioni. Naandika haya kwa yeyote anayefikiria kuifuata njia hiyo, kwa sababu mimi niliianza vibaya.

Upande wa kompyuta natumia Org, mfumo wa kupanga kazi na kumbukumbu ambao huja ndani ya Emacs, programu ya kuandikia maandishi. Emacs ya GNU ni kazi ya Richard Stallman na ilianza kutolewa mwaka 1985. Org ilianzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mwanaastronomia wa Amsterdam, na tangu toleo la 22 la Emacs haihitaji kutafutwa kwingine. Umri huo huwatisha watu, lakini kitu chenyewe ni chepesi. Ni faili ya maandishi matupu, ambamo mstari unaoanza kwa kinyota ni kichwa, wenye vinyota viwili ni kichwa kidogo chini yake, na neno la kwanza baada ya kinyota hueleza hali ya kazi. Mstari wangu wa kawaida husomeka hivi (korja ni ishirini, na daka ni kibaraza cha mlangoni):

* KAZI Korja mbili za boriti, nyumba ya daka refu

Kompyuta ikifa leo, mstari huo utasomeka kwenye nyingine yoyote, hata kwa programu duni kabisa ya kuandikia. Kabla ya hapo nilikuwa na orodha zangu katika huduma moja ya mtandaoni, ambayo siku moja ilianza kudai malipo ya mwezi ndipo nizione kazi zangu mwenyewe za mwaka uliopita, na tangu hapo sitaki tena kuweka mambo yangu mahali nisipoweza kuyafungua bila ruhusa ya mtu.

Kwenye simu ya Android nimeweka Orgzly Revived, ambayo ni mwendelezo wa Orgzly ya awali uliochukuliwa na watu wa kujitolea baada ya ile ya kwanza kuacha kushughulikiwa. Inapatikana bure kupitia F-Droid, duka la programu huria za Android. Ninachokipenda zaidi ni kwamba inaacha kitufe cha kuongeza kazi katika eneo la arifa, kwa hiyo navuta pazia la juu la simu kwa kidole kimoja, naandika maneno manne, nahifadhi, na mkono wa pili haukuachia ngazi. Inasoma na kuandika faili zile zile za Org, vinyota na tarehe zake, bila kuzigeuza kuwa kitu kingine. Jambo moja litawakwaza wanaotumia maneno yao ya Kiswahili kama ninavyofanya mimi: hali za kazi lazima ziandikwe pia katika mipangilio ya Orgzly. Kwenye Emacs nilikuwa nimeshaweka KAZI, NANGOJA na TAYARI, lakini simu haikuyajua maneno hayo, ikayachukua kuwa sehemu ya kichwa tu, nami nikapoteza jioni nzima nikishangaa kwa nini orodha ya kazi zilizobaki ni tupu.

Syncthing nayo ni programu huria inayohamisha faili moja kwa moja kutoka kifaa hadi kifaa, kwa njia iliyosimbwa, bila kuziweka kwenye seva ya kampuni yoyote. Kwetu hapa faida yake kubwa ni kwamba simu na kompyuta zikiwa kwenye Wi-Fi moja, hutambuana na kupeana faili hata kama intaneti yenyewe imekatika tangu asubuhi au bando limekwisha. Programu yake rasmi ya Android ilisitishwa mwezi Desemba 2024, hivyo sasa natumia ile inayoitwa Syncthing-Fork, na sijaona tofauti yoyote katika kazi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo laiti ningelielewa mapema. Orgzly haihariri faili iliyo kwenye folda moja kwa moja. Huisoma, huweka yaliyomo katika hifadhidata yake ya ndani, na huyaandika tena kwenye folda pale tu inaposawazisha. Baada ya hapo ndipo Syncthing inapoiona faili imebadilika na kuipeleka kwenye kompyuta. Kwa hiyo mzigo huvuka mara mbili, kama mzigo wa Mokowe, gati ya bara, ambao kushuka kwenye lori si kufika Lamu. Nilikuwa nikiandika kazi, naona imehifadhiwa, naitazama Syncthing inaniambia kila kitu kiko sawa, na kwenye kompyuta hakuna kitu. Na yote mawili yalikuwa kweli, kwa maana Orgzly ilikuwa haijaishusha kazi hiyo kwenye folda. Dawa ni kuingia katika mipangilio na kuiruhusu isawazishe yenyewe kila kazi mpya inapoandikwa na kila inapofunguliwa.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa lingine. Nilianza na faili moja kwa kila kitu, nikiiandika kutoka pande zote mbili, simu na kompyuta, kadiri mkono ulivyofika. Simu yangu ina tabia ya kuzifunga kimyakimya programu zinazofanya kazi kwa nyuma ili kuokoa chaji, na kwa siku tatu Syncthing ilikuwa imelala bila mimi kujua. Siku hizo tatu nilikuwa nikiongeza kazi gatini na kufuta nyingine mezani. Vifaa vilipokutana tena, Syncthing ilifanya kile ilichoundwa kufanya: haikuchanganya maandishi, bali iliiacha nakala mpya zaidi mahali pake na kuipa ile ya zamani jina jipya lenye maneno ya mgongano, tarehe na saa. Hakuna kilichopotea. Tatizo ni kwamba jina hilo jipya bado linaishia kwa .org, na ajenda yangu ya Emacs, yaani orodha inayokusanya kazi zote pamoja, nilikuwa nimeiambia isome kila faili ya Org iliyo ndani ya folda. Asubuhi moja nikakuta karibu kila kazi imeorodheshwa mara mbili, isipokuwa chache zilizoonekana mara moja, na hizo chache ndizo zilizokuwa na habari. Magunia 15 ya chokaa yalikuwa TAYARI katika nakala moja na KAZI katika ya pili. Niliiamini isiyo sahihi, nikaagiza mara ya pili.

Mwenye punda alifika kabla ya adhuhuri, punda wanne wakiwa wamesimama kichochoroni na hakuna wa kupita.

“Kaka, hii tuishushe wapi? Daka limejaa ya juzi.”

Tuliishusha kwenye daka la jirani, kwa hisani ya mama mmoja ambaye mpaka leo akiniona huniuliza kama nina chokaa nyingine ya kumwekea.

Baada ya hapo nilibadilisha mpangilio, na mpangilio huo ndio ninaoupendekeza. Nimetenga faili moja ndogo, naiita kapu, ambayo simu peke yake ndiyo inayoongeza. Faili nyingine zote, moja kwa kila nyumba, ni za kompyuta. Simu huzisoma lakini mimi sizigusi nikiwa njiani. Hata kazi ikikamilika mbele ya macho yangu, siibadilishi hali yake kwenye simu, bali natia katika kapu mstari usemao “chokaa imefika”. Jioni baada ya Isha naiweka simu kando ya kompyuta, nabonyeza usawazishaji kwa mkono, nangoja faili ifike, ndipo nalimwaga kapu: kila mstari naupeleka kwenye faili ya nyumba yake kwa amri ya kuhamisha, ambayo ni kubonyeza Ctrl pamoja na C na kisha Ctrl pamoja na W, na kapu linabaki tupu. Huchukua dakika kumi. Baadaye niligundua kwamba wazo hili si langu hata kidogo, kwa maana MobileOrg, programu ya simu iliyotangulia hizi, ilifanya hivyo hivyo kwa lazima: kilichonaswa kwenye simu kiliandikwa katika faili ya peke yake, na Emacs ikaenda kukichukua kwa amri maalumu. Tangu nianze na kapu nimepata mgongano mmoja tu, nao ulikuwa wa haraka zangu, nilipolimwaga kapu kabla simu haijamaliza.

Ukipata mgongano, Orgzly yenyewe itakataa kusawazisha na kukueleza kwamba daftari, ndivyo inavyoiita faili, limebadilika pande zote mbili, kisha itakuachia uchague kupakia la nje kwa nguvu au kuhifadhi la ndani kwa nguvu. Usichague ukiwa umesimama. Lolote utakalochagua hufuta jingine, basi nakili faili kwanza, kisha uzilinganishe nakala mbili kwenye Emacs kwa Ediff, ambayo huziweka kando kwa kando na kukuonyesha tofauti moja baada ya nyingine. Pia nimewasha katika Syncthing uhifadhi wa matoleo ya zamani upande wa kompyuta, na katika Emacs nimewasha hali ya kuzisoma upya faili zinapobadilika, vinginevyo unaweza kuwa unatazama kapu la jana huku la leo limeshafika.

Saa ni suala jingine, na hili halina uhusiano na programu bali na sisi. Org huandika saa 24 na siku yake huanza usiku wa manane. Nikiambiwa “saa mbili”, lazima niandike 08:00 au 20:00, na hilo mtu hulizoea. Gumu zaidi ni usiku. Mwenye nyumba mmoja, mtu mzima wa hapa anayeishi Uingereza, aliniambia tuzungumze kwa simu usiku wa Ijumaa saa mbili, nami gatini, katika kelele za mashine za mashua, nikachagua Ijumaa kwenye kalenda ya simu kwa sababu ndivyo neno lilivyosema. Kwa hesabu yetu usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kazi ilipaswa kuandikwa 2025-01-23 20:00, ambayo ni Alhamisi. Alingoja, mimi sikuwepo. Sasa naandika maneno kama yalivyosemwa, bila tarehe, na tarehe naiweka jioni nikiwa na akili zangu.

Kinachonifurahisha ni kwamba Emacs yenyewe inalijua jambo hili. Kalenda yake huweza kuonyesha tarehe ya Hijria, na inapoonyesha hueleza kwamba tarehe hiyo ni mpaka jua kuchwa. Nimeongeza mstari mmoja wa kuitia tarehe hiyo katika ajenda, na hapo nikapata faida ambayo sikuitarajia. Mashua zinazoniletea boriti kutoka upande wa Faza hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, na Mkanda hutaka maji yajae. Maji hayarudii saa ile ile, yanachelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo kazi ya kujirudia kila wiki haisaidii kitu. Lakini bamvua, maji yanapojaa sana, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na tarehe ya Hijria ikiwa mbele ya macho yangu, nikiona 15 najua nahodha atakuwa na nafasi, na nikiona 8 au 22 najua ni maji mafu, yasiyojaa sana, na simsumbui. Kalenda hiyo ni ya hesabu wala si ya kuuona mwezi, hivyo huweza kupishana kwa siku moja na tunayoifuata msikitini. Kwa boriti siku moja si neno. Kwa Ramadhani nangoja tangazo kama kila mtu.

Nikiulizwa nani aitumie njia hii, nitasema ni anayekaa na kompyuta angalau mara moja kwa siku. Asiyekaa nayo atakuwa na kapu linalofurika, na daftari la karatasi litamfaa zaidi. Wala si njia ya kugawana kazi na wengine: nilijaribu kumwekea fundi wangu mkuu Orgzly, akaitazama kwa adabu, kisha akaendelea kuandika vipimo vyake kwa mkaa ukutani, na kazi yangu ikawa kuvinasa kabla ukuta haujapigwa chokaa. Picha hazina mahali pazuri ndani ya faili za maandishi, nazo ndizo wenye nyumba hutaka kuona, kwa hiyo hizo natuma kwa WhatsApp. Wenye iPhone watahitaji programu nyingine, na beorg husoma faili hizi hizi, ingawa huko usafirishaji ni wa iCloud, Dropbox au WebDAV.

Gharama yote mpaka sasa ni muda wa kujifunza, na magunia 15 ya chokaa, ambayo yalitumika hatimaye kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya daka refu mwezi wa pili yake.