Samaki wa kupaka wa shilingi 65,000: jioni yetu katika mkahawa wa hadhi ya juu Masaki

Jumamosi moja ya mwezi uliopita tulimpeleka mama kula chakula cha jioni katika mkahawa wa hadhi ya juu ulioko Masaki, Dar es Salaam, upande wa rasi ya Msasani unaotazama bahari. Mama alikuwa ametimiza miaka 70, naye alikuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nasi wiki mbili. Jina la mkahawa silitaji, kwa kuwa ninachokieleza ni cha jioni moja na meza moja. Tuliuchagua kwa sababu unajitangaza kuwa ni mahali pa vyakula vya mwambao vilivyopikwa kwa ustadi, na mama, aliyezaliwa na kukulia mtaa wa Ngamiani hukohuko Tanga, alifurahi sana kusikia kwamba hatapelekwa kula vitu asivyovijua. Tulikuwa watu 7: mama, mjomba, dada yangu, mume wangu, mimi na watoto wetu wawili.

Meza tuliiagiza kwa simu siku nne kabla, tukaeleza idadi yetu, tukaeleza pia kwamba mgeni wetu ni mtu mzima ambaye magoti yanamsumbua, hivyo tungependa kukaa upande wa baharini pasipo ngazi. Tulifika saa moja na nusu kamili kama tulivyoahidi. Msichana wa mapokezi alitafuta jina letu, akalikuta, kisha akatupeleka kwenye meza iliyo karibu na mlango wa jikoni, ambako kila mhudumu anayepita na trei alilazimika kuupinda mwili ili asimguse mjomba begani. Meza nne za mbele zilikuwa tupu. Nilipouliza nikaambiwa kwamba zina wenyewe. Tulipoondoka usiku ule, mbili kati ya hizo zilikuwa bado hazijakaliwa na mtu.

Baada ya kukaa tulisubiri dakika 25 kabla ya kuletewa menyu. Kijana aliyekuja hatimaye alikuwa nadhifu na mwenye uso mzuri, lakini alitusalimia kwa Kiingereza sote kwa mpigo, akiwamo mama, ambaye alikuwa ameshainua uso kuipokea shikamoo yake. Mama hakusema kitu. Sidai kwamba kila mgeni wa mkahawa wa Masaki lazima aamkiwe kwa desturi za Tanga, kwani najua wateja wengi wa pale wanatoka nje ya nchi. Ila mhudumu akimwona bibi aliyejitanda kanga, anayezungumza Kiswahili na wajukuu wake, ana kila dalili ya kumjulisha ni lugha gani aanze nayo. Mkahawa unaouza chakula cha Waswahili unauza pamoja nacho namna ya kumkaribisha mtu, wala haviwezi kutenganishwa.

Kilichoniuma zaidi jioni ile ni suala la maji ya kunawa. Mama hula kwa mkono, na samaki wa kupaka haliwi kwa namna nyingine ikaleta raha, maana vidole ndivyo vinavyoujua mwiba kabla ya ulimi. Akamwambia yule kijana kwa upole, "Mwanangu, tutapata maji ya kunawa?" Kijana alimjibu, kwa Kiingereza tena, kwamba vyoo viko ghorofa ya chini. Nikamfasiria mama, akazitazama zile ngazi, akanyamaza. Dada yangu aliinuka kwenda kuomba birika na bakuli, akarudi na vipakiti vya karatasi zilizoloweshwa manukato, vile wanavyogawa kwenye ndege. Mama alijifuta, kisha akakileta kiganja puani na kukinusa. "Mkono wote unanukia marashi," alisema, "nitautiaje kwenye chakula?" Akaomba kijiko. Kwa hiyo siku ya kutimiza miaka 70, katika mkahawa ambao kuta zake zimepambwa kwa masinia ya shaba na mabirika ya zamani yaliyoangikwa kwa mpangilio mzuri sana, mama yangu alikosa birika la maji.

Chakula kilianza kufika baada ya saa moja na dakika 20. Watoto walitangulizwa kuku na chipsi, wakamaliza kula kabla sisi wengine hatujaletewa hata sahani moja. Kisha zikaja biriani tatu, na samaki wa mama na wa mjomba wakafuata robo saa baadaye, wakati biriani zetu zimeshapoa kwa kuwasubiri wakubwa.

Kuhusu samaki ningependa nieleze kwa kirefu, kwa kuwa ndiye aliyetutoa nyumbani. Samaki wa kupaka ana hatua zake, na hakuna hata moja inayorukika. Samaki huchanjwa, akatiwa chumvi, ndimu, kitunguu thomu, tangawizi na pilipili, akaachwa akolee, kisha akachomwa juu ya makaa. Pembeni huwa kuna tui zito la nazi linalopikwa kwa bizari na ukwaju huku likikorogwa bila kuachwa, maana tui likiachwa lichemke peke yake hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Likishakuwa zito, samaki hupakwa upande mmoja, akageuzwa, akapakwa wa pili, akarudishwa motoni, na tendo hilo hurudiwa mpaka tui ligande juu yake na kushika rangi ya moto. Jina lenyewe limetokana na kule kupaka.

Aliyeletwa mezani hakuwa amepakwa. Alikuwa changu mkubwa aliyekaangwa kwenye mafuta, ngozi imekauka kama ganda, halafu akamwagiwa mchuzi wa manjano juu yake muda mfupi kabla ya kutolewa jikoni. Nililijua hilo kwa sababu nilimsaidia mama kumfungua: mchuzi ulikuwa umebaki juu ya ngozi na kando ya sahani, na ndani ya zile chanjo mlikuwa mkavu, hamna hata tone la tui. Harufu ya moshi wa makaa haikuwepo kabisa. Mchuzi wenyewe ulikuwa umekatika, vijidonge vyeupe vimeelea juu ya maji ya rangi ya bizari, na ulikuwa na utamu mzito ambao nazi iliyokunwa siku hiyo haina. Ukwaju haukuonekana wala haukusikika. Mjomba, ambaye si mtu wa kulalamikia chakula, alikula nusu akakisogeza kisahani. Mama alionja vijiko viwili vitatu kisha akaanza kula wali mtupu.

Biriani ilikuwa na kosa la aina nyingine. Kwa desturi yetu ya pwani, masala na wali wa biriani hupikwa mbalimbali. Nyama hulazwa kwenye mtindi na viungo, mara nyingi na papai bichi ili ilainike, ikapikwa na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyekundu; wali nao hutiwa samli, zafarani na hiliki, ukapaliwa moto juu na chini. Tulicholetewa ni wali uliopikwa na manjano, rangi moja kuanzia punje ya juu mpaka ya chini, na pembeni mchuzi wa nyama ya mbuzi uliojaa nyanya ya kopo. Nyama ililainika, hilo nalikubali. Lakini ungeniambia ni wali na mchuzi wa mbuzi ningekula bila neno. Ukiniambia ni biriani kwa shilingi 42,000 sahani moja, nina haki ya kuitafuta biriani ndani yake. Pweza wa nazi tuliyemgawana sote alikuwa mgumu wa kutafunika kwa shida, kama kawaida ya pweza ambaye hakupigwa wala hakuchemshwa taratibu katika maji yake mwenyewe.

Si kila kitu kilikuwa kibaya, na itakuwa dhuluma nisiseme. Mkate wa ufuta ulikuja ukiwa moto, umechambuka vizuri, na juisi ya ukwaju ilikuwa ya ukwaju wa kweli, kiasi kwamba nilijiuliza kwa nini ukwaju huohuo haukufika kwenye samaki. Mahali penyewe panapendeza, upepo unaingia kutoka baharini, na vyoo, dada yangu alithibitisha, vilikuwa safi.

Niliomba kuonana na meneja. Alikuja haraka, akanisikiliza akiwa amesimama, na nilipomweleza juu ya samaki alinijibu kwamba hivyo ndivyo mpishi wao anavyomwandaa, kwa mtindo wa kisasa. Nilimwambia kwamba sina ugomvi na usasa; kama menyu ingesema "changu wa kukaanga na mchuzi wa nazi" tungeagiza tukijua tunachoagiza, au tungeacha. Nikamwomba aondoe kwenye bili angalau sahani ya mama, ambayo ilikuwa haijaliwa. Akasema haiwezekani kwa kuwa sahani imeshaguswa, akajitolea kutuletea aiskrimu ya bure. Mama alikataa kwa adabu, na mimi nikaacha mjadala kwa sababu nilimwona anaanza kuona haya, akidhani yeye ndiye chanzo cha maneno.

Bili ilikuja ikiwa imeandikwa kwa mkono. Chakula na vinywaji vilikuwa shilingi 470,000, ikaongezwa asilimia 10 ya huduma, yaani shilingi 47,000, na juu ya jumla hiyo ikapigwa asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, jumla kuu ikawa shilingi 610,060. Maelezo ya nyongeza hizo yalikuwepo chini ya ukurasa wa mwisho wa menyu, kwa herufi ndogo ambazo mume wangu alizisoma kwa tochi ya simu. Anayepanga kwenda na familia ni vyema ajue kwamba bei anazoziona kwenye menyu si bei atakazolipa. Kwetu sisi tofauti ilikuwa karibu shilingi 140,000. Nililipa, nikaomba risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, nikaambiwa nisubiri kidogo, na ule udogo ukawa dakika 15. Mamlaka ya Mapato imetuimbia miaka mingi kwamba ukiuza toa risiti na ukinunua dai risiti, nami sikuona sababu ya mkahawa ulionitoza kodi kunifanya niidai mara mbili.

Wakati tunasubiri, yule kijana aliyetuhudumia alikuja taratibu, safari hii kwa Kiswahili, akamwinamia mama. "Shikamoo bibi. Naomba utusamehe, leo tuko wawili tu upande huu wote." Mama alimwitikia marahaba na kumwombea heri. Nilihesabu meza za upande ule, zilikuwa 14. Tangu hapo hasira yangu dhidi ya kijana yule iliisha. Anaagizwa azungumze Kiingereza, anapewa meza 14 wagawane na mwenzake, hakufundishwa kwamba birika lililoangikwa ukutani lina kazi, kisha mteja akikasirika yeye ndiye anayetazamwa usoni. Asilimia 10 ya huduma tuliyolipa sijui kama hata shilingi moja yake ilimfikia. Lawama zangu nazielekeza kwa wenye mahali, walioweza kugharimia mapambo ya namna ile wakashindwa kuongeza wahudumu wawili wa Jumamosi na mpishi mmoja anayejua kukaa na jiko la makaa.

Kwa anayetaka kwenda licha ya haya, ushauri wangu ni aende alasiri, akae mbele, aagize mkate wa ufuta na juisi ya ukwaju, atazame bahari. Chakula cha mwambao asikifuate pale, hasa akiwa na mzee anayekijua. Binafsi sitarudi mpaka nisikie jiko limebadilika, na nikisikia nitakwenda kwa moyo mweupe, kwa sababu jiji hili linastahili mkahawa mzuri wa vyakula vyetu, na bei kubwa haitanizuia kulipia sahani iliyopikwa inavyopaswa.

Samaki wa mama tulimbeba nyumbani amefungwa kwenye karatasi ya foili. Asubuhi, kabla sijaamka, mama alikuwa ameshatuma mtoto akanunue nazi mbili, amekaa juu ya mbuzi anazikuna, na jiko la mkaa linafuka barazani. Alimvua yule changu lile ganda la juu, akalipika tui na ukwaju huku akilikoroga bila kunyanyua mkono, kisha akampaka kwa mgongo wa kijiko, akamgeuza, akampaka tena, mara nne nimehesabu. Tulimla kwa boflo na chai ya rangi, sote tumenawa kwenye beseni moja, na watoto walibakisha miba tu. Mama alisema samaki yule hakulala, alikuwa mzuri tangu jana yake.