Nilimpeleka mdogo wangu kliniki ya afya ya akili Mbeya, na mimi nikafunguliwa faili

Mdogo wangu ni dereva wa malori, njia ya Tunduma. Mwaka jana mwezi wa tatu gari lilikataa breki kwenye mteremko wa Iwambi, ule ambao mtu wa Mbeya akisikia umetajwa anauliza kwanza, "Wangapi?" Yeye alitoka na michubuko ya kiwiko. Utingo wake hakutoka.

Watu walikuja kutupa pole na kutuambia tumshukuru Mungu, na kweli tulishukuru. Lakini miezi miwili baadaye alikuwa bado analala amekaa kwenye kochi, taa ikiwaka. Lori likipiga honi kule barabara kuu anasimama wima, jasho linamtoka, na Juni ya Mbeya mnaijua baridi yake. Kwenda Mbalizi kumpa mkono wa pole mama wa yule kijana hakuweza, kwa sababu njia inapita palepale. Akaanza kunywa. Mjomba akamwambia jikaze, wewe mwanaume. Mchungaji akaja akamwombea. Mimi nikawa naamka saa nane usiku kwenda sebuleni kusikiliza kama anapumua.

Aliyenielekeza kliniki ni fundi cherehani mwenzangu pale Mwanjelwa. Tulishona meza moja miaka sita bila mimi kujua kwamba anachukua dawa huko.

Ni hospitali ya serikali hapahapa jijini. Siitaji jina kwa sababu ninayo ya kulalamikia. Kliniki ni siku mbili kwa wiki, sisi ni wa Jumatano. Bajaji kutoka Mwanjelwa tulilipa 3,000 watu wawili.

Kilichonishangaza ni muda. Nilizoea daktari anayeandika huku hujamaliza sentensi. Huyu nesi alikaa na mdogo wangu zaidi ya dakika arobaini, na ajali hakuigusa. Alianza na usingizi, chakula, pombe anakunywa kiasi gani na saa ngapi. Kisha akatoa karatasi ya maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Umejiona huna thamani? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Swali la mwisho linauliza kama umewahi kuona heri ungekufa, au kufikiria kujidhuru.

Niliposikia lile swali nilitaka kumkatiza. Kwetu jambo kama hilo halitamkwi, unaogopa kuliita. Mdogo wangu akatazama sakafu, akasema, "Siku nyingine, ndiyo." Miezi yote ile tulimuuliza kama amekula, kama atarudi kazini, kama amelipwa na tajiri wake. Hilo hakuna aliyemuuliza. Nesi alinieleza baadaye kwamba kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo hilo, kunampa nafasi ya kulisema. Nawaomba mnaosoma hapa mlishike hili kuliko yote niliyoandika.

Daktari naye aliongea Kiswahili cha kueleweka. Alisema hali hii ni kiwewe, humpata hata askari, hata mama aliyejifungua kwa shida. Dalili zikipita mwezi mmoja bila kupungua, mtu anahitaji matibabu, si kukemewa. Sisi tulikwenda tukitaka dawa ya usingizi. Hakutupa. Alisema vidonge kama diazepamu mwili huvizoea haraka, na pombe juu yake ni hatari. Akaandika fluoksetini, kimoja kila asubuhi, na akatuonya kwamba itachukua wiki kadhaa kabla hatujaona tofauti, tusiikatie tamaa, wala tusiiache ghafla tukiona nafuu. Angenyamaza hapo, tungeitupa wiki ya pili.

Tukiwa tunainuka, nesi akanigeukia. "Na wewe dada, unalala?"

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Salamu yetu ya kila siku ni "Ugonile", yaani umelala? Unajibu "Ndaga" na maisha yanaendelea. Nilikuwa nimeijibu hivyo kila asubuhi sokoni tangu mwezi wa tatu. Siku ile nilifungua mdomo nijibu, nikalia. Akafunga daftari lake, akasubiri. Wiki iliyofuata nilikuwa na faili langu.

Sikupewa dawa. Nilipewa mazungumzo, na maagizo ambayo niliyaona madogo mno: usiku wa Ijumaa na Jumamosi mjomba alale sebuleni, mimi nilale chumbani na mlango nifunge. Nirudi mazoezi ya kwaya. Nisimhoji mdogo wangu juu ya ajali, akitaka kusema nikae nisikilize bila kummalizia maneno yake. Mjomba nilimpeleka kliniki mara moja asikie mwenyewe, na "jikaze" ikaisha nyumbani kwetu.

Sasa malalamiko. Mlinzi wa getini anapaza sauti, "Wale wa akili wapite huku!" Mbele ya foleni nzima. Nilimwona kijana mmoja akigeuza njia na kuondoka, sijui kama alirudi. Mlango wa chumba cha mazungumzo haufungwi, watu wanaingia kuchukua mafaili wakati mtu anaeleza ya moyoni. Mara mbili dawa haikuwepo dirishani tukanunua duka la nje, na mwenye kidogo atakatisha. Na mazungumzo mara moja kwa mwezi ni machache.

Hilo la mwisho linanifanya niwaze Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Akawafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza. Walilitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo". Benchi tunazo tayari kila zahanati, na akina mama wenye masikio hapa Mbeya hawana idadi.

Kuhusu mdogo wangu: alipewa kazi ya kuikaribia ile njia polepole. Wiki mbili daladala mpaka Nzovwe na kurudi. Kisha Iyunga, tukashuka, tukanywa chai. Mwezi uliopita tulifika Mbalizi. Kwenye mteremko alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Mama wa utingo alituandalia ndizi na maharage, wakakaa wawili nyuma ya nyumba muda mrefu. Bado haendeshi. Analala kitandani, taa imezimwa, siku nyingi.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ukienda, fika kabla ya saa moja na nusu, vaa sweta maana mnasubiri kibarazani, na nenda na mtu wako. Mlinzi akikuuliza unakwenda wapi, sema "kliniki ya Jumatano". Anaielewa, na hatapaza sauti.