Kurefusha Nyaya za Gia za Umeme kwenye Baiskeli ya Triathloni: Uzoefu Wangu Lubumbashi

Baiskeli yangu ya triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia, niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa mtu aliye mfupi kuliko mimi kwa kiganja kizima, na taabu zote ninazozisimulia hapa chanzo chake ni hicho. Ina mfumo wa Di2 wa kampuni ya Shimano wa gia 11, ambao hubadilisha gia kwa mota ndogo zinazoamriwa na vitufe: viwili vipo kwenye ncha za ile mirija ya mbele ambayo mpandaji huishika akiwa amelaza viwiko, na vingine vipo karibu na breki. Nilipoipata nilipanda mwezi mzima nikiwa nimejikunja kama mtu mzima aliyelazwa kwenye kitanda cha mtoto. Hatimaye nikainua viegemeo vya viwiko kwa milimita 40 na kuisukuma mirija mbele kwa milimita 50. Mgongo ukapata nafuu, ila nyaya zilizokuwa zimekatwa kwa kipimo cha mwenye baiskeli wa kwanza zikabaki zimekazana kama kamba ya kuanikia nguo, na nilipougeuza usukani kushoto hadi mwisho, kichwa cha waya mmoja kikachomoka kwenye kisanduku cha kuunganishia.

Hapa Lubumbashi mafundi wa baiskeli hawakosekani, kwani mji huu hupokea makala, yaani makaa ya kupikia, kila alfajiri juu ya baiskeli, ambazo sisi huziita kinga, zikiwa na mizigo inayomzidi msukumaji urefu. Hata hivyo, fundi anayeweza kunyoosha ukingo wa gurudumu kwa jicho tu hana sababu ya kuwa na waya wa Di2 dukani. Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi wa simu katika komini ya Kenya, mtaa wa humu humu mjini. Akaukata waya katikati, akanionyesha kwamba ndani yake mna nyuzi mbili tu, nyembamba kama za vifaa vya kusikilizia muziki, akaongeza kipande cha sentimita kumi na tano, akachomelea kwa risasi na kuvika mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Aliponikabidhi aliniita yaya, ambalo huku ni jina la heshima kwa mkubwa, akasema: «Yaya, risasi itashika, lakini maji yakiingia usinilaumu.» Simlaumu. Kazi yake ilikuwa safi, na kwa wiki kadhaa gia zilibadilika bila kusita.

Mvua za Novemba ndizo zilizotoa hukumu. Nilikuwa kwenye barabara ya Likasi, umbali wa kilometa thelathini hivi kutoka mjini, nimelowa jasho na maji, nilipobonyeza kitufe cha kulia na pasitokee kitu. Nikajaribu cha kushoto, kisha vile vya kwenye breki: kimya. Mnyororo ulikuwa umebaki kwenye gia nzito niliyokuwa nikiteremkia, na malori ya madini yalikuwa yakipita karibu kiasi kwamba sikuthubutu kusimama kwenye lami. Nilishuka, nikaivuta baiskeli majanini, na kwa kutumia ukucha wa kidole gumba, ambao ulivunjika, nikauchomoa ule waya uliochomelewa. Papo hapo mfumo uliobaki ukafufuka, nami nikarudi nyumbani nikitumia vitufe vya breki peke yake.

Tukio hilo lilinifundisha jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Tangu mwaka 2011, mfumo wa Ultegra Di2 wa Shimano ulipotoka na nyaya za nyuzi mbili, waya uleule mmoja hubeba umeme wa batri, ambao ni volti 7.4, pamoja na amri za vitufe. Kila kifaa kinajitambulisha chenyewe, kwa hiyo haijalishi kitufe kimechomekwa kwenye tundu lipi la kisanduku, na kurefusha waya hakuhitaji kompyuta wala mpangilio wowote mpya. Lakini upande wa pili wa urahisi huo ni kwamba vifaa vyote vinakula kwenye sinia moja: nyuzi mbili zikigusana mahali popote, hata kwenye ncha ya mbele kabisa, baiskeli nzima inanyamaza. Kiungo cha risasi ndani ya mrija unaopokea jasho la mikono ni mahali pabaya kuliko pote pa kujaribu bahati.

Njia sahihi niliyoifuata baadaye haina kukata wala kuchomelea. Shimano hutengeneza kiungio kidogo chenye matundu mawili, EW-JC200, ambacho hupokea waya wa zamani upande mmoja na waya wa nyongeza upande wa pili. Waya wa nyongeza ni EW-SD50, unaouzwa ukiwa na vichwa vyake tayari, kwa urefu unaoanzia milimita 150. Tena kuna kifaa cha plastiki cha kuchomekea na kuchomolea, TL-EW02, ambacho mwanzoni nilikiona ni anasa mpaka nilipokumbuka ukucha wangu. Niliagiza viungio viwili, nyaya mbili za milimita 200 na kifaa hicho kimoja. Usafirishaji ulinigharimu zaidi ya vifaa vyenyewe, jambo ambalo halitamshangaza mtu yeyote wa huku.

Kifurushi cha kwanza kilikuwa na nyaya zisizo zangu. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alinitumia EW-SD300, yaani waya mwembamba zaidi ulioletwa pamoja na gia 12 za mwaka 2021. Ukiutazama haraka unaweza kudhani ni uleule, lakini kichwa chake hakikai kwenye matundu ya zamani pasipo adapta. Niliandikiana naye wiki tatu mpaka akatuma zilizo sahihi. Anayeagiza na asome namba iliyoandikwa kwenye pakiti hata kabla ya picha, na kama baiskeli yake ni ya gia 11, atafute neno SD50.

Kazi yenyewe ilinichukua Jumamosi moja asubuhi, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ya kupima. Nililaza uzi wa kushonea viatu kwenye njia yote ya waya, nikageuza usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, nikachukua kipimo kirefu kuliko vyote, kisha nikaongeza vidole viwili. Uzi huohuo niliufunga kwenye waya wa zamani kabla ya kuuvuta nje, ili ubaki ndani ya mrija na kunirudishia waya mpya bila kupapasa gizani. Nilitenganisha batri kwanza. Kichwa cha waya husukumwa kikiwa kimenyooka kabisa mpaka kidole kihisi mlio mdogo wa kukaa. Nilipokisukuma kwa pembe kiliingia nusu, kitufe kikafanya kazi mara moja na kukataa mara mbili, nami nikapoteza nusu saa nikiishuku batri. Kiungio nilikiweka karibu na mdomo wa mrija, mahali kinapofikika, badala ya kukitumbukiza katikati.

Sikutarajia kelele. Barabara zetu za mitaa zina mashimo, na kiungio kilichokuwa kikining'inia ndani ya mrija wa kaboni kiligonga kama punje za mahindi ndani ya kopo. Nilikata kipande cha sponji ya godoro kuukuu, nikakizungushia kiungio na kukifunga kwa utepe, na kelele ikaisha.

Nimeshapita msimu mzima wa mvua tangu siku hiyo, zikiwemo safari tatu za kwenda Kasumbalesa, ambako ni karibu kilometa 90, sawa na sehemu ya baiskeli katika triathloni ya nusu Ironman. Hakuna gia iliyokosa kuitika. Kiungio nakipa alama zote isipokuwa moja, na hiyo naipunguza kwa sababu ya bei ya kipande kidogo namna ile cha plastiki. Kosa lililobaki ni langu mwenyewe: upande wa kushoto ulihitaji waya wa milimita 150, na ile ziada ya milimita 50 nimelazimika kuikunja chini ya kiegemeo, ambako kiwiko changu huigusa kila ninapojilaza.